Mbandika Kucha ni Mfanyakazi, Hata Akilipwa kwa Asilimia

"Wewe si mfanyakazi wangu, umekodi meza tu." Wasichana wengi wanaobandika kucha kwenye saluni za mijini wameshaambiwa maneno haya, na kwa kawaida huambiwa siku wanapoomba glavu. Ndiyo ngao kubwa ya wenye saluni. Ukishaitwa mpangaji, barakoa ni juu yako, glavu ni juu yako, dirisha lisilofunguka halimhusu mtu, na kifua kikibana dawa unanunua kwa hela yako. Ninayoyaeleza hapa ni ya Tanzania Bara, maana Zanzibar ina sheria zake za kazi. Na ninachosema ni kwamba katika saluni nyingi maneno hayo hayana uzito wowote mbele ya sheria, ila yanaendelea kufanya kazi kwa sababu hakuna anayeyapinga.

Kwanza tujue kinachovutwa puani. Kucha za akriliki hutengenezwa kwa brashi inayochovywa kwenye kibakuli cha likwidi, kisha kwenye poda. Likwidi hiyo ni ya jamii ya methakrilati, na katika chupa za bei poa inaweza kuwa methili methakrilati, ambayo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilianza kuichukulia hatua tangu miaka ya 1970 baada ya watu kulalamika kuharibika kucha na kuvimba ngozi. Jeli nazo si salama kama zinavyosifiwa: Umoja wa Ulaya uliamua kwamba zile zenye kemikali ya HEMA zitumiwe na mafundi waliosomea tu, na tangu tarehe 1 Septemba 2025 umepiga marufuku kabisa kemikali ya TPO kwenye vipodozi. Ongeza hapo mvuke wa asitoni na vumbi la mashine ya kusugulia kucha. Ndiyo maana jibu la "mbona wateja hawaugui" ni la kipuuzi. Mteja hukaa saa moja au mbili akaenda zake. Fundi yuko hapo hapo tangu saa tatu asubuhi hadi saa mbili usiku, uso wake ukiwa karibu na kibakuli kuliko wa mteja. Vidole vinapasuka, kope zinavimba, kifua kinatoa mluzi, halafu siku ya mapumziko anapata nafuu. Nafuu hiyo ni ushahidi. Mwambie daktari unafanya kazi gani, mwonyeshe picha ya chupa na maandishi yake, na uhakikishe ameyaandika. Mzio wa methakrilati ukishaingia mwilini hautoki kirahisi, na kemikali za jamii hiyo hutumika pia kuziba meno.

Sasa turudi kwenye meza "iliyokodiwa". Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, bila kujali mkataba umeandikwaje, hadi ithibitishwe vinginevyo, iwapo lipo hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa. Miongoni mwake: namna unavyofanya kazi au saa zako zinaamuliwa na mwingine; unapewa vifaa vya kazi; unamfanyia kazi mtu huyo mmoja tu; unamtegemea kiuchumi; au umemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Jambo moja linatosha. Saa 45 kwa mwezi, fundi wa kucha huzimaliza ndani ya wiki moja. Mpangaji gani huyo anayepangiwa bei ya kazi yake, anayetumiwa ujumbe wa WhatsApp "kesho saa mbili uwe umefungua", na anayekatwa hela akichelewa? Basi usifute ujumbe huo, wala ule wa malipo ya simu unaoonyesha asilimia yako kila wiki. Karatasi uliyosaini kwamba wewe ni mpangaji isikutishe. Mwenye saluni anaruhusiwa kuleta ushahidi wake, ila mzigo wa kuthibitisha ni wake, si wako.

Ukishakuwa mwajiriwa, mengine yote yanafuata. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri jukumu la usalama wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamzuia kukata mshahara kiholela, kwa hiyo ile tabia ya kukata hela ya glavu kila wiki haina mguu wa kusimamia. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hulipwa na mwajiri peke yake.

Wenye saluni husema masharti haya yatawafungia biashara. Ningewasikiliza kama hatua za mwanzo zingekuwa ghali. Kufunika kibakuli, kutupa pamba zenye asitoni kwenye ndoo yenye kifuniko, kusogeza meza dirishani, kununua glavu za naitrili badala ya zile nyembamba za mpira: hakuna saluni inayofilisika kwa hayo. Kinachowapotezea hela ni kujidanganya. Barakoa ya bluu huzuia sehemu ya vumbi lakini mvuke unapita, na feni isiyotoa hewa nje inauzungusha tu mvuke ule ule chumbani. Hoja ya kwamba "wao wenyewe hawapendi kuvaa" ina ukweli kidogo, kwani mfanyakazi naye ana wajibu wa kutumia kinga aliyopewa. Lakini hawezi kukataa kitu ambacho hajawahi kupewa.

Lawama nyingine ni ya serikali. Wapo wakaguzi wanaoingia saluni, wakauliza cheti cha usajili, wakapewa "hela ya maji" na kuondoka bila hata kunusa hewa ya chumba. Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na msako unaosikika ni wa mikorogo. Likwidi zisizo na maandishi ya kueleweka zinauzwa mchana kweupe. Sheria yenyewe ina matundu. WCF inamlipa mwajiriwa, kwa hiyo yule kijana anayezunguka mitaani na kikapu cha rangi za kucha, ambaye kweli amejiajiri, akiugua ni yeye na nduguze. Na kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6. Kwa hiyo binti anayejifunza kazi, ambaye ndiye hupewa chupa mbaya na meza ya kona, anafukuzwa kirahisi kuliko wote. Bunge likitaka kurekebisha, lianze hapo.

Mtego wa mwisho ni wa siku. Umelalamika, ukaambiwa "pumzika kwanza, nitakupigia". Unasubiri simu, mwezi unakwisha. Shauri la kuachishwa kazi linatakiwa lifike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine, kama ya kukatwa malipo, ndani ya siku 60. Ukichelewa utalazimika kueleza sababu za msingi, na "nilikuwa nasubiri anipigie" ni sababu dhaifu. Kuhusu ugonjwa uliotokana na kazi, mpe mwajiri taarifa mapema, kwa maandishi, ubaki na nakala; usipitishe miezi 12 kabla ya kuipeleka WCF. Kwenda CMA hakuhitaji wakili, wala hakuna ada ya kufungua shauri.