TUIJUE WILAYA YETU YA MBOZI: SURA YA NCHI NA NGAZI ZA UTAWALA

Muhula huu mwalimu wetu wa Jiografia ameniomba niandike juu ya wilaya yetu ya Mbozi, yaani sura ya nchi yake na jinsi inavyotawaliwa. Nilikubali upesi, kwa kuwa jambo hili si la kitabuni tu kwangu. Mama yangu mzazi aliwahi kupoteza siku nne na fedha ya mbolea kwa sababu nilimwelekeza mlango usio wake. Nitalieleza hilo mahali pake. Kwanza tuitazame nchi.

1. Mahali tulipo

Sisi wa Igamba tumo katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, kusini magharibi mwa Tanzania. Mashariki tunapakana na Mkoa wa Mbeya, kusini Wilaya ya Ileje, magharibi Wilaya ya Momba, ambamo mna mji wa Tunduma, na kaskazini Wilaya ya Songwe. Mtu wa Igamba aendaye makao makuu ya wilaya hupita Mlowo, akashika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, akaelekea magharibi mpaka Vwawa. Sambamba na barabara hiyo imepita reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, nayo ina vituo Mlowo, Vwawa na Tunduma.

Sehemu kubwa ya Mbozi ni uwanda wa juu, kama meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana hewa yetu ni ya baridi, hasa mwezi wa Juni na wa Julai, na ndiyo maana kahawa ya arabika hustawi hapa. Mvua zetu ni za msimu mmoja: huanza yapata Novemba na kukoma Aprili au Mei. Mkulima wa Mbozi basi hana nafasi ya pili. Akikosa mbolea mwezi wa Desemba, hasara yake ni ya mwaka mzima.

Kaskazini uwanda huu unakatika na nchi inateremka kwenye Bonde la Ufa, lilipo Ziwa Rukwa. Uso wa ziwa hilo uko kama meta 800 tu juu ya usawa wa bahari, nalo halina mto utokao. Maji yaingiayo hupungua kwa jua peke yake.

Hapa nawatahadharisha wenzangu juu ya jina la Songwe, maana wengi hukosea. Iko mito miwili yenye jina hilo. Mmoja huelekea kaskazini ukaingia Ziwa Rukwa, nao hututenga na Mkoa wa Mbeya. Wa pili huelekea mashariki ukaingia Ziwa Nyasa, nao ni mpaka wa Tanzania na Malawi. Tena, Uwanja wa Ndege wa Songwe hauko Mkoa wa Songwe, bali uko Mkoa wa Mbeya. Mwanafunzi asiyeangalia ramani aweza kuumbuka kwa jina moja tu.

Siwezi kuacha kutaja kimondo cha Mbozi, kilichopo Ndolezi. Ni pande la chuma lililochanganyika na nikeli, lenye urefu wa kama meta 3, na uzito wake ni wa tani nyingi. Wenyeji walikijua zamani. Watu wa mbali walianza kuandika habari zake mwaka 1930.

2. Kwa nini nchi hugawanywa

Watu wengi hudhani mipaka ya wilaya na mikoa huchorwa kwa kupendeza wakubwa. Lakini sababu kubwa ni umbali. Ofisi iliyo mbali haina faida kwa mtu asiye na nauli.

Mfano mzuri ni Ufaransa. Mwaka 1790, baada ya mapinduzi yao, Wafaransa waliyafuta majimbo ya kale na kuigawa nchi yao katika wilaya 83 zilizokaribiana kwa ukubwa. Katika kuzipanga walitaka mwananchi aweze kufika makao makuu kwa mwendo wa farasi wa siku moja. Nyingi walizipa majina ya mito na milima, wala si ya koo za mabwana waliozitawala. Mojawapo ni Creuse, nchi ya wakulima na wafugaji iliyoitwa kwa jina la mto wake. Mji wake mkuu ni Guéret. Watu wake leo ni kama 115,000 tu. Tangu mwaka 1800 serikali ya Ufaransa huweka mwakilishi wake katika kila wilaya ya namna hiyo. Lakini pia ziko halmashauri zilizochaguliwa na watu, na kila kijiji kina meya wake.

Sasa tujitazame sisi. Zamani Mbozi ilikuwa wilaya kubwa ndani ya Mkoa wa Mbeya, ikifika hata mpaka wa Zambia. Mwaka 2012 Wilaya ya Momba ilikatwa kutoka kwake. Mwaka 2016 ukazaliwa Mkoa wa Songwe, wenye wilaya nne: Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, makao makuu yake yakawa Vwawa. Kabla ya hapo, mtu wa kwetu mwenye shauri la mkoa ilimlazimu kusafiri mpaka Mbeya mjini, kama kilomita 70 kutoka Vwawa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 1,300,000 katika mkoa huu. Nasi pia, kama watu wa Creuse, tumeitwa kwa jina la mto.

3. Ngazi za utawala

Zamani machifu walitawala hapa, na serikali ya Waingereza ikawatumia. Cheo chao katika utawala kilifutwa na sheria mwaka 1963. Halmashauri za wilaya nazo zilivunjwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi tena mwaka 1984. Leo ngazi zetu, kuanzia chini, ni hizi: kitongoji, kijiji, kata, tarafa, wilaya na mkoa.

Ili tusichanganyikiwe, mimi huziwaza kuwa ni mikono miwili. Mkono wa kwanza hushuka kutoka juu. Rais humteua Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya. Katika tarafa yuko Afisa Tarafa. Hawa ni wawakilishi wa serikali kuu, wala hatuwapigii kura.

Mkono wa pili hupanda kutoka chini. Kila miaka mitano tunachagua wenyeviti wa vitongoji, mwenyekiti wa kijiji na wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji, ambao hawapungui 15 wala hawazidi 25. Mara ya mwisho uchaguzi huo ulifanyika Novemba 27, 2024. Kila kata humchagua diwani, na madiwani wakikutana wilayani ndio Baraza la Halmashauri ya Wilaya. Mkurugenzi Mtendaji, Mtendaji wa Kata na Mtendaji wa Kijiji ni waajiriwa. Kazi yao ni kutekeleza yaliyoamuliwa.

Tukumbuke kwamba juu ya Halmashauri ya Kijiji uko Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18. Yapasa ukutane kila miezi mitatu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji kabla Mkutano Mkuu haujakubali. Wenye mali ni wale wakaao kwenye nyasi, chini ya mti.

4. Safari ya mama yangu

Sasa nifike kwenye kisa changu. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza nilifanya mtihani wa somo la Uraia, nikaulizwa ngazi za utawala. Niliziandika zote bila kukosa, mwalimu akanipa alama nzuri.

Mwezi wa Novemba mwaka uleule jirani yetu alilima na ng'ombe wake akavuka mpaka, akazichukua safu mbili za mibuni iliyopandwa na marehemu babu. Mama akaniuliza, "Mwanangu, wewe umesoma. Shauri hili nilipeleke wapi?" Nami, kwa kiburi cha alama zangu, nikamjibu, "Nenda Vwawa, mama. Ndiko waliko wakubwa."

Alichukua fedha aliyoiweka kwa ajili ya mbolea, akapanda pikipiki, kisha gari. Siku ya kwanza alikuta watu wengi, jioni ikafika hajaitwa. Alilala kwa ndugu yetu. Siku ya pili karani alimpokea kwa heshima, akamwuliza, "Shikamoo mama. Je, una karatasi ya baraza la kijiji?"

"Marahaba, mwanangu. Sina."

"Basi mama yangu, sisi hatuwezi kuanza. Shauri la mpaka wa shamba huanzia kijijini."

Siku ya tatu alirudi. Siku ya nne alikwenda kwenye kata, akajibiwa vilevile: aanzie kijijini. Jioni ile alikaa jikoni kimya. Hakunilaumu, na hilo liliniuma kuliko kunilaumu.

Nikamwuliza kwa nini hakuanza kijijini tangu mwanzo. Akasema, "Mwenyekiti wa kitongoji ni shemeji yake yule jirani. Niliogopa." Hapo nikatambua ya kuwa mtihani wangu haukuwa umenifundisha kitu. Nilijua majina ya ngazi, lakini sikujua kila ngazi ina kazi gani, wala nani hukaa pale.

Asubuhi yake nilimwendea mwalimu wetu, akanieleza. Katika kijiji liko Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, na kati yao wasiopungua 3 ni wanawake. Wajumbe hao hupendekezwa na Halmashauri ya Kijiji, lakini Mkutano Mkuu ndio huwathibitisha. Kwa hiyo si baraza la mwenyekiti wa kitongoji. Kazi yake ni kusuluhisha. Asiyeridhika hupanda kwenye Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 nalo husuluhisha tu. Likishindwa, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Nilimsimulia mama, naye aliposikia habari ya wale wanawake watatu alijifunga kitenge akaenda. Baraza lilikuja mpaka shambani. Wazee wawili waliokumbuka siku babu alipopanda mibuni waliitwa, wakaonyesha jiwe la mpaka lililokuwa limefunikwa na udongo wa jembe. Jirani alikubali mbele ya watu. Karatasi iliandikwa, wote wawili wakatia sahihi, na hawakuacha kusalimiana. Shauri zima lilichukua asubuhi moja, nalo lilifanyika kwa mwendo wa miguu wa robo saa kutoka nyumbani kwetu.

Mibuni tuliipata. Mbolea hatukuipata tena; fedha ilikuwa imekwisha njiani. Mahindi yetu mwaka ule yalitoka ya manjano, na gunia tulizovuna hazikufika nusu ya zile za mwaka uliotangulia. Kila nilipokula ugali uliopimwa nilikumbuka neno langu, "Nenda Vwawa."

5. Mafunzo

Wenzangu, tunayojifunza ni haya. Ramani ya wilaya si mito, milima na barabara tu. Ni pia ramani ya milango. Wafaransa walipima wilaya zao kwa siku ya farasi, nasi tumeletewa mkoa mpaka Vwawa. Lakini mlango wa karibu kuliko yote ulikuwa kijijini kwetu, nasi tuliupita bila kuuona. Mwenda bure si mkaa bure, husema wahenga. Lakini mwenda bure kwa fedha ya mbolea hurudi na njaa.

Pia tusidhani kuwa ngazi ya chini ni ya watu wadogo. Kila mtu akiikimbia, italegea na kuachiwa wachache. Wengi wetu karibu tutatimiza miaka 18. Siku hiyo tutakuwa wajumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji bila kuteuliwa na mtu. Tuhudhurie.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti ya mito miwili iitwayo Songwe.
2. Kwa nini maji ya Ziwa Rukwa hayafiki baharini?
3. Taja viongozi wawili wanaoteuliwa na wawili wanaochaguliwa katika wilaya yetu.
4. Nani huwathibitisha wajumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji, na kwa nini jambo hilo lina maana?
5. Likizo hii, waulize wazazi wako majina ya wajumbe 7 wa baraza la kijiji chenu. Yaandike. Kama nyumbani hakuna ayajuaye, nenda kaulize.