Usukani unaokwama katikati na shokapu zinazovuja

Swali: Honda CG125 ya zamani inakwama usukani ukinyooka, na shokapu za mbele zinavuja oili. Zitengenezwe vipi?

Jibu: Modeli hii, iliyoanza kuuzwa 1976, hushikiliwa shingoni na gololi zilizo huru ndani ya vikombe vya chuma. Miaka ya mashimo ya barabarani huzigongesha gololi mahali palepale, gurudumu likiwa limenyooka, hadi vikombe vinaingia vidimbwi vidogo. Ukucha ukipitishwa juu yake huvihisi hata pale jicho lisipoviona. Kuongeza grisi hakuponyi ugonjwa huu. Kubadili gololi peke yake ni kutupa pesa. Vikombe na gololi hubadilishwa kwa pamoja, na vikombe vipya hugongwa polepole, vikiingia sawasawa pande zote. Grisi nzito huzishikilia gololi wakati wa kufunga. Nati hukazwa mpaka mchezo uishe tu: gurudumu likiinuliwa, usukani uanguke wenyewe kulia na kushoto.

Kwenye shokapu, sili mpya haitadumu juu ya bomba lenye kutu. Bomba huviringishwa juu ya kioo, likiyumba, limepinda. Kifuniko cha juu hufunguliwa kwa uangalifu, kwa kuwa springi hukisukuma. Midomo ya sili hupakwa oili kabla ya kuingizwa, kisha miguu yote miwili hutiwa kiasi kilekile cha oili ya shokapu. Baada ya safari chache, nati ya shingo hukaguliwa tena.