Kupenda na Kutaka: Vitenzi Viwili vya Uraibu

Nyumbani Bule, katika Djugu, tuna jirani aliyejeruhiwa mguu usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Februari 2022, wapiganaji waliposhambulia kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo na kuua watu wapatao 60. Kwa maumivu alipewa tramadoli. Jeraha likapona, lakini yeye akaendelea kununua vidonge. Mama yake husema: «Anapenda vidonge kuliko sisi.» Likizo iliyopita nilimwuliza mwenyewe. Akajibu: «Sivipendi tena. Lakini ninavitaka.»

Kwa mwanafunzi wa isimu, jibu hilo ni data. Vitenzi tunavyovichanganya kila siku, yeye amevitenganisha, na elimu ya ubongo inamuunga mkono.

Tramadoli, morfini na heroini ni za ukoo mmoja: opioidi. Katika ubongo hushika vipokezi vilevile vinavyotumiwa na vituliza-maumivu ambavyo mwili hujitengenezea. Ndani ya ubongo kuna seli zinazotoa dopamini, kemikali inayotufanya tulifuate na kulirudia jambo lenye faida, kama kula. Kwa kawaida seli nyingine huzizuia, mfano wa breki ya pikipiki kwenye mteremko. Opioidi hulegeza breki hiyo, na dopamini humwagika kwa wingi.

Hapo vitenzi vinaachana. Mtafiti Kent Berridge wa Marekani ameonyesha kwamba dopamini huendesha kutaka zaidi kuliko kufurahia. Panya walioharibiwa mfumo wa dopamini hawakutafuta tena chakula. Hata hivyo, walipotiwa sukari mdomoni, bado walionyesha kuifurahia. Kwa anayerudia opioidi mambo huenda kinyume: mwili huzoea dozi na raha hupungua, huku kutaka kukizidi. Akiikosa, hutokwa jasho, hutapika, huumwa viungo, hakosi kukesha. Watumiaji wa heroini wa Mombasa na Dar es Salaam huiita hali hiyo arosto.

Arosto ina tiba. Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa wagonjwa wa heroini methadoni, opioidi inayofanya kazi polepole na kwa muda mrefu. Hutolewa kwa kipimo chini ya uangalizi, ili mtu asisumbuliwe na arosto na aweze kurudi kazini.

Sasa turudi kwenye sarufi. «Anapenda vidonge»: mtenda ni mtu, na lawama ni yake. «Vidonge vimemzoesha»: mtenda ni dawa, na mtu ni mtendwa anayehitaji msaada. Sisemi majeruhi wanyimwe dawa. Maumivu ya risasi yanazihitaji. Nasema kitenzi tunachochagua huamua kama tutamfukuza mtu au tutamtafutia muuguzi wa kumpunguzia dozi kidogo kidogo.

Nilimweleza mama yake hivyo, kwa Kiswahili chetu cha Bunia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: «Sasa tumpeleke kwa nani?»