Damu ya ng'ombe mwenye nagana inakwenda wapi?

Swali: Ng'ombe wangu alichunga upande wa Bunda, karibu na Serengeti. Amekonda, fizi zimekuwa nyeupe. Daktari wa mifugo anasema ni nagana, lakini sikuona damu ikitoka popote. Imekwenda wapi?
Mfugaji, Makoko, Musoma

Jibu: Pole sana. Damu haikumwagika, mwili wa ng'ombe umeimeza wenyewe. Chembe nyekundu ya damu imevikwa minyororo ya sukari, na kwenye ncha nyingi za minyororo hiyo imekaa asidi ya sialiki. Trypanosoma vivax na Trypanosoma congolense, vimelea vya nagana vinavyoletwa na mbung'o, vina vimeng'enya vinavyoing'oa asidi hiyo. Chini yake hubaki sukari ya galaktosi, wazi. Walinzi wa mwili walioko kwenye ini na bandama wakiikuta, huichukulia chembe hiyo kuwa imechakaa, wakaila. Upungufu wa damu una sababu nyingine pia, ila hii ni nzito.

Linalonistaajabisha zaidi ni kimelea mwenzao, Trypanosoma brucei. Haiwezi kujitengenezea asidi ya sialiki hata kidogo. Ikiwa tumboni mwa mbung'o, kimeng'enya chake, transi-sialidezi, huihamisha asidi hiyo kutoka kwenye damu aliyofyonza mdudu na kuibandika juu ya ngozi ya kimelea. Asidi hiyo humsaidia kimelea kuishi humo.

Mpe ng'ombe dawa aliyoandikiwa, kwa kipimo cha uzito wake, kisha endelea kumwangalia fizi.