Kabla ya Kuchimba Majimoto Kwenye Chokaa ya Pwani

Karibu na mapango ya Amboni, nje ya mji wa Tanga, kuna chemchemi za Galanos: maji ya vuguvugu yenye harufu ya kiberiti, yanayotoka kwenye mwamba wa chokaa. Joto lake haliwezi kuendesha mitambo ya umeme, na anayekuahidi hivyo usimsikilize. Lakini linafaa kwa kuogea na kwa mabwawa ya samaki. Ukiwa na chemchemi ya namna hii, anza kwa kupima.

1. Pima joto pale maji yanapochomoza, si kwenye dimbwi lililopigwa na jua. Rudia kiangazi na masika, kwa kuwa chokaa imejaa nyufa na mvua hupenya upesi ikayapooza maji yanayopanda.

2. Pima chumvi, na hapa usifanye haraka, maana ndipo visima vingi vya pwani huharibikia. Ndani ya mwamba, maji matamu huelea juu ya maji ya bahari. Yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, yana kina cha takriban mita 40 chini ya usawa huo. Kwa hiyo pampu ikiyashusha kidogo tu kwa muda mrefu, chumvi hupanda sana. Pima wakati wa bamvua na wa maji mafu, bahari ikijaa na ikipwa. Kipimo kikifuata mwendo wa bahari, usichimbe zaidi.

3. Kinga maji kwa ndoo ya lita 20 huku ukitazama saa, ujue yanatoka lita ngapi kwa sekunde. Lita 1 kwa sekunde ikipoa nyuzi 5 hutoa joto la takriban kilowati 21.

4. Jihadhari na gesi yenye harufu ya yai viza. Ikizidi, pua huacha kuisikia, nayo huua; usiingie shimoni. Gesi hiyo huwadhuru samaki pia, hivyo usimwage maji hayo bwawani. Yapitishe kwenye bomba la plastiki lililozungushwa ndani ya bwawa, maana chuma kitaliwa. Perege hustawi kwenye nyuzi 27 hadi 30.

5. Omba kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Pangani kabla ya kuleta mtambo wa kuchimba. Eleza pia maji yaliyotumika yatakwenda wapi. Tafadhali usiyaelekeze pangoni: chokaa haichuji uchafu, na jirani yako anakunywa maji ya mwamba huohuo.