Kipuri cha Asili: Twanunua Kitu Gani?

Katika mambo yanayowatatiza watu wenye kuyahuisha magari ya kale ni hili: mtu aona kioo cha taa au kipande cha bati, na kipya cha namna hiyo hiyo kipo dukani kwa bei nafuu, lakini mwenye kile cha zamani ataka mara nne au mara tano ya bei hiyo, na hoja yake ni moja tu, kwamba hiki ni cha asili. Wako wanaolipa bila ya kuuliza, wakajiona wao ndio wajuzi. Na wako wanaowacheka hao, wakisema ni watu waliopotewa na akili. Makundi yote mawili yamekosea, kwani hakuna katika hao aliyesita akajiuliza: ile ziada ya fedha ni bei ya kitu gani? Hili ndilo swali la somo letu. Mwenye kuijua jawabu yake huiokoa mali yake, na pengine huiokoa roho yake.

Ili maneno yetu yasielee hewani, tutashika mfano wa gari moja ambalo wengi wetu twalijua: Volkswagen, lile dogo lenye mgongo wa kobe na injini nyuma.

I. UADIMU WATOKA WAPI?

Gari hili lilitengenezwa kwa wingi mjini Wolfsburg, Ujerumani, baada ya vita kwisha mwaka 1945, na la mwisho lilitoka katika kiwanda cha Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Idadi yake yote ilipita milioni 21. Huku kwetu lilijipatia jina katika mashindano ya Safari, ambayo lilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Basi yawezekanaje kipuri cha gari lililotengenezwa kwa mamilioni kiwe adimu?

Jawabu ni kuwa jina ni moja, lakini magari si mamoja. Mpaka Machi 1953 dirisha la nyuma lilikuwa vioo viwili vilivyotengwa na mwamba wa bati katikati. Tangu mwezi huo mpaka katikati ya mwaka 1957 likawa kioo kimoja cha umbo la yai. Baada ya hapo likawa kubwa, la pembe nne. Taa za nyuma nazo, zile zenye kijidirisha cha mfano wa moyo juu yake, ziliwekwa kwa miaka michache tu, tangu mwisho wa 1952 mpaka 1955. Na zamani dereva alipotaka kugeuka, kijiti chenye taa kilichomoza ubavuni mwa gari. Vijiti hivyo navyo vikaachwa, zikaja taa za kumetameta.

Kwa hivyo vipuri vingi vya magari ya miaka ya baadaye havikuadimika, maana viwanda vya Brazil na Mexico viliendelea kuvitoa kwa muda mrefu baada ya Ujerumani kuacha. Vilivyoadimika ni vile vya miaka ya mwanzo, ambavyo hakuna kiwanda kilichokuwa na haja navyo tena.

Na iko sababu nyingine, nayo ni funzo kwa mwenye kuzingatia. Dirisha lilipobadilishwa mwaka 1953, baadhi ya watu waliokuwa na gari la vioo viwili waliona haya nalo, wakaukata ule mwamba wa katikati ili gari lao lionekane la kisasa. Leo warithi wa magari hayo watafuta kwa taa kile walichokitupa wazee wao kwa msumeno! Uadimu mwingi una asili hii: kitu hudharauliwa kinapokuwapo, kikathaminiwa kinapokosekana.

Tufahamu, basi, kwamba uzee peke yake hauzai thamani. Kipuri hupanda bei yanapokutana mambo matatu: kiwe kichache, kiwe kinatakwa na wengi, na kiwe hakiwezi kuigizwa sawasawa. Likikosekana moja katika hayo, muuzaji akitaka bei kubwa, ajua yeye mwenyewe kwamba abahatisha.

II. NENO "ASILI" LINA MAANA NYINGI

Ugomvi mwingi sokoni hautokani na bei, bali watokana na neno. Muuzaji husema "asili" akakusudia jambo moja, na mnunuzi akasikia jingine. Maana zake ni hizi:

Ya kwanza, kipuri kilichotoka kiwandani pamoja na gari lile lile siku ya kwanza, na hakijapata kubanduka.

Ya pili, kipuri kilichotengenezwa zama zile zile na kiwanda kile kile, lakini kilikaa ghalani bila ya kutumiwa, au kilitolewa katika gari jingine.

Ya tatu, kipuri kilichotengenezwa miaka mingi baadaye kwa jina na idhini ya kiwanda.

Zaidi ya hizo iko nakala, nayo ni kipuri kilichofanywa na mtu mwingine kwa kuigiza. Nakala si haramu wala si aibu, maadamu yaitwa nakala.

Kila daraja ina bei yake, na kosa kubwa la mnunuzi ni kulipa bei ya daraja ya kwanza akapewa ya tatu. Dawa yake ni kutaka dalili. Vipuri vingi vya zama zile vina chapa ya Volkswagen, au ya waliokiuzia kiwanda, kama Bosch na Hella, na vingine vina tarehe iliyogongwa ndani ya chuma chenyewe. Nambari ya shasi imegongwa kwenye uti wa sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Nambari ya injini iko kwenye mwili wa injini, chini ya dinamo. Na makumbusho ya magari ya Volkswagen huko Wolfsburg hutoa hati, kwa kufuata daftari za kiwanda, inayoeleza gari lilitengenezwa lini na lilitoka na nini. Mwenye kununua kwa mali nyingi bila ya kutazama nambari hizi ni kama mwenye kununua shamba bila ya kutazama mipaka yake.

III. ZIADA NI BEI YA USHAHIDI

Sasa tuijie nafsi ya somo. Bati ni bati, na kioo ni kioo. Ukiviyeyusha, kipuri cha asili na nakala havina tafauti kubwa ya thamani. Ile ziada, basi, si bei ya chuma, bali ni bei ya ushahidi. Kipuri cha asili chashuhudia namna walivyofanya kazi mafundi wa zama zile: unene wa bati lao, mikunjo yake, rangi waliyoipaka, makosa yao na werevu wao. Nakala haiwezi kuyashuhudia hayo, kwani haikuwapo.

Tukilifahamu hili, twaweza kuvigawa vipuri vyote mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vipuri vya ushahidi: shasi yenye nambari yake, mwili wa injini ya gari hilo hilo, bodi yenye dirisha la vioo viwili ambalo halikukatwa, vijiti vya taa vya ubavuni. Hivi vikipotea, gari lapoteza khabari zake, na fedha haziwezi kuzirudisha. Hapa ziada ina haki yake, kwa mwenye uwezo.

Fungu la pili ni vipuri vya umbo: mabawa ya gari, milango, bampa, vifuniko. Hapa hapana hukumu moja, bali pana hesabu. Natuweke mfano, wala si bei za sokoni. Bawa la nakala lauzwa shilingi 10,000, na la asili lenye kutu kidogo shilingi 25,000. Mwenye haraka atasema tafauti ni 15,000. Lakini mara nyingi bati la nakala huwa jembamba, na matundu yake ya bolti hayaelekeani. Fundi atalikata, alichome, alinyooshe, kisha adai 12,000 ya kazi. La asili litataka 4,000 tu ya kuondoa kutu, maana lakaa mahali pake. Jumla ya la kwanza ni 22,000, na ya la pili 29,000. Tafauti ya kweli imekuwa 7,000, si 15,000. Pengine itakuwa kinyume, kutu imelila lile la asili hata ukarabati wake ukawa ghali kuliko yote. Kwa hivyo usiitazame bei ya kununulia peke yake; itazame bei ya kipuri kikiwa kimeshafungwa garini.

Fungu la tatu ni vipuri vinavyolinda uhai: matairi, mipira ya breki, mabomba yake, na vitambaa vya breki. Hapa twasema bila ya kusitasita: usilipe ziada kwa ajili ya uzee, hata kikiwa ndani ya kasha lake la mwaka 1955 na karatasi yake haijachanwa. Mpira hufa hata usipotumiwa. Hewa na joto huukausha, ukapasuka ndani mahali ambapo jicho halioni. Bomba la breki lililokaa ghalani miaka 60 laweza kuonekana zima mkononi, likapasuka siku ya kwanza mguu utakapokanyaga kwa nguvu mteremkoni. Tairi la leo lina tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa, nazo ziliwekwa makusudi ili mnunuzi ajue umri wake. Ama vitambaa vya breki vya zamani, vingi vilitiwa asbesto, ambayo vumbi lake hupenya mapafuni na kuleta saratani. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikamilisha kuipiga marufuku mwaka 2005. Mwenye kuvifuta au kuvisugua vitambaa hivyo gerejini ajidhuru yeye na mwanafunzi wake. Katika fungu hili uzee si sifa, ni aibu ya bidhaa, na aibu haiongezewi bei.

IV. SHUBHA NA JAWABU

Akisema mtu: "Mali ni yangu na mapenzi ni yangu, kwa nini nihesabiwe?" Tutamjibu: hatukukataza mapenzi. Twauliza tu kama mali hiyo ni yako peke yako. Ikiwa ndani yake mna karo ya watoto, au kodi ya nyumba, au deni la watu, basi umelipa kioo cha taa kwa fedha ambazo wengine wana haki nazo. Gari lililongoja miaka 60 laweza kungoja mwaka mwingine. Mtoto hangojei.

Akisema: "Nitakirudisha kiasi changu siku nitakapoliuza gari." Tutamjibu: mara chache. Soko hulipa ziada kwa gari zima lenye ushahidi kamili, na halilipi kwa kipuri kimoja cha asili kilichowekwa katikati ya nakala ishirini. Kabla hujanunua cha kwanza, jiulize kama utafika mwisho.

Na akisema: "Injini yangu si ile ya kiwandani, basi gari langu limeharibika." Tutamjibu: sivyo. Zamani ilikuwa desturi, injini ikichoka, kuibadilisha kwa nyingine iliyokwisha kutengenezwa, na gari likaendelea na kazi. Huo ni ukweli wa maisha ya gari, nao pia ni ushahidi. Uharibifu ni kuifuta nambari na kuigonga nyingine ili ifanane na daftari. Huo ni ushahidi wa uwongo, ijapokuwa shahidi ni chuma.

V. WAJIBU WA MUUZAJI NA WA FUNDI

Biashara hii imesimama juu ya neno la muuzaji kuliko biashara nyingi, kwa sababu alichokiuza ni khabari. Akificha kwamba kipuri ni nakala, hakupunja mizani kidogo. Ameuza kitu ambacho hakimo kabisa. Na madhara yake hayakomi kwa mnunuzi wa kwanza, kwani huyo naye atauza kwa nia safi, na uwongo ukaenda ukirithiwa.

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, liliafikiana mwaka 2012 juu ya waraka uitwao Mkataba wa Turin. Katika mafunzo yake ni kwamba kazi ya kulihuisha gari iandikwe, na vipuri vilivyobadilishwa vitiwe alama ndogo isiyofutika, ili ajaye baadaye aweze kutenga cha kale na kipya. Angalia uadilifu wa jambo hili: halikumkataza fundi kuweka nakala, lilimkataza kuificha. Kila gereji yaweza kulifuata kwa gharama ya daftari na kalamu.

MUHTASARI

Ziada ya kipuri cha asili ni bei ya ushahidi. Ilipe penye ushahidi usiopatikana pengine, baada ya kuona dalili, na kwa mali isiyo na haki ya mwingine. Ifanyie hesabu kamili penye umbo tu. Ikatae kabisa penye uhai wa watu.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA KIKAONI

1. Muuzaji alisema "cha asili" akikusudia maana ya tatu, na mnunuzi akafahamu ya kwanza. Je, ni nani aliyekuwa na wajibu wa kubainisha, na kwa nini?

2. Taja vipuri vitano vya gari unalolijua, ukiweka kila kimoja katika fungu lake.

3. Fundi aliagizwa na mwenye gari afunge mabomba ya breki ya zamani kwa ajili ya maonyesho, na gari litapita barabarani. Je, atii?