Wanaopima Mikoko ya Gazi
Katika Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, kikundi cha kijamii cha Mikoko Pamoja kimekuwa kikitunza hekta 117 za mikoko tangu 2013. Wengi hudhani kazi yao ni kupanda miche tu. Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Maji yakipwa, huingia topeni na kupima unene wa miti, kwenye kimo cha kifua, katika vipande vilivyotengwa. Vipimo hivyo huonyesha hewa ya kaboni iliyohifadhiwa, na mauzo yake yamelipia maji na vitabu vya shule huko Gazi na Makongeni. Kwa hivyo anayekata boriti kwa siri huwapunguzia majirani maji ya mfereji. Kikundi pia kimepanda mivinje nchi kavu, ili wenye haja ya kuni na boriti wasiiguse mikoko.